Foleni Inavyopimwa: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinahusu foleni. Tumechagua zile zinazogusa upimaji wenyewe, kwa sababu fedha nyingi hutumika kupanua barabara ambazo hakuna aliyezipima vizuri. Maneno matatu yatajirudia, kwa hiyo tuyape maana moja. Mtiririko ni idadi ya magari yanayopita sehemu moja kwa saa. Msongamano ni idadi ya magari yaliyomo ndani ya kilomita moja ya njia kwa wakati mmoja. Uwezo ni mtiririko mkubwa kabisa ambao njia inaweza kuupitisha.

Tulihesabu magari kwenye barabara inayoingia mjini. Saa 4 hadi saa 5 asubuhi, barabara ikiwa shwari, yalipita magari 1,200 kwa njia moja. Saa 1 hadi saa 2 asubuhi, foleni ikiwa imefika mbali, yalipita 1,200 vilevile. Mkuu wangu anasema vijana walijaza fomu wakiwa wamekaa kivulini. Je, hesabu hiyo yaweza kuwa sahihi? (Fundi sanifu, Dodoma)

Yaweza kabisa, na huenda vijana wako wamefanya kazi nzuri. Kilichokosekana kwenye fomu yenu ni safu ya kasi.

Kanuni ya msingi ni hii: mtiririko ni msongamano mara kasi. Magari 1,200 kwa saa yanaweza kupatikana kwa magari machache yanayokimbia, au kwa magari mengi yanayojikokota. Mmarekani Bruce Greenshields, aliyepiga picha magari barabarani huko Ohio miaka ya 1930, ndiye aliyetoa mfano wa kwanza uliozoeleka: kila gari linaloongezeka ndani ya kilomita hupunguza kasi kwa kiasi kilekile, hadi yote yasimame.

Chukua njia ambayo ikiwa tupu watu hukimbia kilomita 60 kwa saa, na ikijaa hadi kusimama hubeba magari 130 kwa kilomita, yaani mita 7.7 kwa kila gari pamoja na nafasi iliyo mbele yake. Kwa mfano wa Greenshields, uwezo wa njia hiyo ni 60 × 130 ÷ 4, yaani magari 1,950 kwa saa, na hufikiwa kukiwa na magari 65 kwa kilomita yakienda kilomita 30 kwa saa. Sasa tafuta ni wakati gani yatapita 1,200. Majibu ni mawili. La kwanza ni magari 25 hivi kwa kilomita, kasi ikiwa karibu 49. La pili ni magari 105 hivi kwa kilomita, kasi ikiwa 11 na ushei. Hizo ndizo saa zenu mbili: saa 4 mlikuwa upande wa kwanza, saa 1 mlikuwa upande wa pili.

Mstari ulionyooka wa Greenshields utumie kuelewa, usiutumie kusanifu. Kwenye barabara kuu halisi kasi hubaki juu hadi mtiririko unapokaribia uwezo, kisha huanguka ghafla. Tena foleni ikishafumka, mtiririko unaotoka mbele yake huwa pungufu kwa asilimia kadhaa kuliko ule uliokuwepo dakika chache kabla. Ndiyo maana inalipa kuizuia foleni isianze kuliko kuipunguza ikishaanza.

Rudini barabarani mpime kasi pamoja na hesabu. Wekeni alama mbili za chokaa zenye mita 50 kati yake, mtu mmoja akiwa na saa ya kupimia, na mchukue gari moja katika kila matano ili msichague yale yanayovutia macho. Hapo kuna kosa linalofanyika kila mara: watu hujumlisha kasi na kugawanya. Gari moja likienda 60 na jingine 20, wastani wa kawaida ni 40. Lakini ukichukua muda ambao kila moja linatumia barabarani, wastani unaofaa kwenye kanuni yetu ni 30. Ukitumia 40 kwa magari 1,200 utapata msongamano wa 30. Msongamano wa kweli ni 40. Kwa hiyo pigeni wastani wa muda wa kukata zile mita 50 kwanza, ndipo mgeuze kuwa kasi.

Jambo la pili ni kuhesabu foleni yenyewe. Magari yaliyopita mbele ya karani si magari yote yaliyotaka kupita. Kila baada ya dakika 15, mtu mwingine aandike idadi ya magari yanayosubiri. Ikiwa yamepita 380, na foleni imekua kutoka magari 12 hadi 57, basi waliotaka kupita ni 380 + 45, yaani 425. Hiyo 425 ndiyo ya kupelekea wasanifu.

Shikamooni. Niko mafunzo kwa vitendo, nimekabidhiwa makarani sita wa kuhesabu magari kwenye kipilefti chenye mikono minne. Sijawahi kuendesha zoezi kama hili. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Mwanza)

Marahaba. Anza kwa kwenda pale siku moja kabla, asubuhi na jioni, bila fomu. Angalia foleni inaanzia mkono gani na mkia wake unafika wapi. Karani akisimamishwa mahali ambapo mkia unampita, hataweza kuona wanaosubiri.

Makarani wanne wakae kila mmoja kwenye mkono wake, wahesabu wanaoingia. Wawili wawe wa kupokezana na kuhesabu foleni. Karani akipita saa mbili mfululizo bila kupumzika, hesabu yake huanza kushuka, na huwezi kuigundua baadaye. Gawanyeni vyombo katika makundi machache yanayotambulika kwa jicho: bodaboda, bajaji, gari dogo, basi dogo, basi kubwa, lori, lori la tela. Makundi kumi na mbili kwenye makutano yenye pilikapilika huzaa kubahatisha.

Kwenye fomu andika saa kwa mfumo wa 24: 07:00 hadi 07:15, na kuendelea. Karani mmoja akiandika "1:00" kwa saa ya Kiswahili na mwenzake akaandika "7:00" kwa kufuata simu yake, mtakaa mezani mkilinganisha vipindi visivyolingana. Wote waweke saa zao sawa kabla ya kuanza.

Kujua nani anaelekea wapi kwenye kipilefti ni kazi ngumu, kwa kuwa gari likiingia hujui litatokea mkono gani. Njia rahisi ni video: simu kwenye kishikio, ghorofa ya pili au ya tatu, ikiona mikono yote, betri ya akiba karibu. Mnahesabu ofisini kwa kuirudisha nyuma. Chagueni dakika 15 zihesabiwe na watu wawili kila mmoja peke yake. Wakitofautiana zaidi ya asilimia 5, rudieni. Kwa kila mkono hesabuni pia magari yanayozunguka mbele yake, kwani anayeingia anamsubiri anayezunguka, na uwezo wa mkono hupungua kadiri wanaozunguka wanavyoongezeka.

Siku zinazofaa ni Jumanne hadi Alhamisi, shule zikiwa wazi, pasipo sikukuu wala gulio. Kwa barabara kuu inayosanifiwa upya ni kawaida kuhesabu siku 7, ambazo moja au mbili ziwe za saa 24.

Mkishapata namba, tafuteni saa yenye magari mengi zaidi na muigawe kwa robo saa. Tuseme robo nne za saa hiyo ni 410, 465, 520 na 445. Jumla ni 1,840. Robo nzito kabisa ingeendelea saa nzima ingekuwa 520 × 4, yaani 2,080. Gawa 1,840 kwa 2,080 upate 0.88. Namba hii ikikaribia 1, magari yanakuja kwa utulivu; ikishuka chini ya 0.85 hivi, kuna mfumko wa muda mfupi, mara nyingi shule au kiwanda kinachofungua lango. Makutano husanifiwa kwa 2,080, kwa sababu foleni huzaliwa ndani ya robo ile moja.

Bodaboda ihesabiwe kama nini? Ripoti moja imeandika 0.4, nyingine 0.2, nyingine imeziacha kabisa. (Msomaji, Morogoro)

Kuziacha ni kosa, hasa kwenye miji yetu ambako huwa sehemu kubwa ya vyombo vyote. Hesabu za uwezo hufanywa kwa uniti za gari dogo: gari dogo ni uniti 1, na kila chombo kingine hupewa uniti kulingana na nafasi na muda kinaochukua. Uingereza, kwenye taa, imezoeleka pikipiki kuwa 0.4, baiskeli 0.2, basi 2 na lori zito 2.3. Ripoti nyingi za huku zimenakili namba hizo, na zilipimwa mahali ambapo pikipiki hukaa kwenye foleni kama gari. Bodaboda hupenya hadi mbele.

Uzito wake si mdogo. Chukua vyombo 900: magari madogo 400, bodaboda 350, mabasi 100 na malori 50. Kwa 0.4 unapata uniti 855. Kwa 0.2 unapata 785. Uniti 70 zinaweza kuamua kama makutano yataonekana yamezidiwa au la.

Pima ya kwako. India, ambako vyombo huchanganyika kama kwetu na havifuati mistari, watafiti hutumia njia hii: gawa kasi ya gari dogo kwa kasi ya chombo, kisha gawa jibu kwa uwiano wa eneo la gari dogo na eneo la chombo hicho. Gari la mita 4.0 kwa 1.7 lina mita za mraba 6.8. Bodaboda ya mita 2.0 kwa 0.75 ina 1.5. Kama gari huenda 32 na bodaboda 36, unapata 0.89 ÷ 4.53, karibu 0.2. Lori la mita 7.5 kwa 2.4 linaloenda 25 linatoka 3.4. Njia hii hukuza mno malori ya tela, kwa hiyo kwenye taa ni afadhali kupima muda: kama gari dogo hufuatana na mwenzake kwa sekunde 2.0 na lori huchukua 4.4, lori ni uniti 2.2.

Daladala inayosimama katikati ya njia kushusha abiria usijaribu kuieleza kwa uniti. Hiyo imefunga njia, na inapaswa kuandikwa hivyo: dakika na sekunde ilizofunga, na njia ngapi.

Kwenye makutano yetu kuna taa, lakini saa za foleni huzimwa na askari wa trafiki huongoza kwa mkono. Upande mmoja huruhusiwa dakika kadhaa mfululizo. Askari wanasema magari mengi zaidi hupita. Je, ni kweli? (Mkazi wa Ubungo, Dar es Salaam)

Kuna ukweli ndani yake, na gharama yake haionekani kutoka pale askari anaposimama. Tuanze na kupima.

Foleni ikiwa imesimama kwenye taa nyekundu, washa saa mara taa inapogeuka kijani. Magari manne ya mwanzo yaache, maana madereva wanachelewa kung'oka. Andika sekunde ambayo gari la 4 linavuka mstari wa kusimamia, kisha la mwisho kati ya yaliyokuwa yakisubiri. Tuseme la 4 limevuka kwenye sekunde 10.2 na la 14 kwenye 31.2. Magari kumi yametumia sekunde 21, sawa na 2.1 kila moja, na 3,600 ÷ 2.1 ni magari 1,714 kwa saa ya kijani mfululizo. Mwongozo wa uwezo wa barabara wa Marekani huanzia 1,900 kwa mazingira bora kabisa. Mashimo, njia nyembamba na kituo cha basi kilicho karibu huishusha. Rudia kwa mizunguko ya taa (kijani hadi kijani kinachofuata) isiyopungua 15 yenye foleni ya zaidi ya magari 8. Ukijumuisha magari yaliyofika baada ya foleni kwisha, utapata uwezo mdogo kuliko uliopo, na hili ndilo kosa tunaloliona zaidi kwenye ripoti.

Sasa muda wa taa. F. V. Webster wa Uingereza alitoa mwaka 1958 kanuni inayotumika hadi leo. Kwa kila awamu, yaani kila zamu ya kijani ndani ya mzunguko, gawa magari yanayofika kwa ule uwezo wa kijani. Njia yenye magari 480 kwa saa inakuwa 480 ÷ 1,714, yaani 0.28. Tuseme awamu nyingine tatu ni 0.22, 0.15 na 0.12. Jumla ni 0.77. Kila ubadilishaji wa awamu hupoteza kama sekunde 4, kwa hiyo mzunguko mzima unapoteza 16. Zidisha 16 kwa 1.5, ongeza 5, gawa kwa 0.23, yaani 1 toa 0.77. Mzunguko bora ni sekunde 126. Zilizobaki baada ya kutoa 16 ni 110, na zinagawanywa kwa uwiano: 40, 31, 22 na 17.

Askari akigeuza mzunguko kuwa dakika 8, bado anapoteza sekunde 16 zilezile, lakini kati ya 480. Muda unaofaa umepanda kutoka asilimia 87 hadi karibu 97. Hapo ndipo ukweli wake ulipo. Lakini tazama ile njia ya magari 480. Kwa mzunguko wa sekunde 126, nyekundu yake ni sekunde 86, na magari 12 hujipanga, mita 90 hivi. Akizuiwa dakika 5, magari 40 hujipanga, mita 300. Mkia wa mita 300 hufunga makutano ya nyuma, na magari ambayo hayana safari ya kuja kwenu yanakwama. Njia fupi ya kukata kulia, ambayo mara nyingi haizidi mita 60, hujaa na kumwaga magari yake kwenye njia inayokwenda moja kwa moja. Wakati huohuo upande unaoruhusiwa ukishamaliza foleni yake iliyobanana, magari huja kwa kuachiana, na kijani kinapita hewa. Zile asilimia 10 huliwa hapo.

Mkiwa na saa mkononi mnaweza kuona wenyewe: pima nafasi kati ya gari na gari katika dakika ya kwanza ya kijani, kisha dakika ya tatu. Ikipanda kutoka sekunde 2 hadi 3, theluthi ya kijani imepotea.

Askari anahitajika pale ambapo jumla ya Webster inapita 0.9 hivi. Jaribu 0.92 kwenye kanuni: mzunguko unatoka sekunde zaidi ya 360, maana yake hakuna muda wa taa utakaotosha. Hapo dawa ni kupunguza awamu, kwa mfano kuondoa kukata kulia na kupeleka magari hayo yakageuze mbele, au kujenga daraja la juu kama ilivyofanyika TAZARA na Ubungo.

Njia za mwendokasi Barabara ya Morogoro muda mwingi zinaonekana tupu huku sisi tumebanana pembeni. Kwa nini magari binafsi yasiruhusiwe kupita humo? (Msomaji, Kimara)

Kwa sababu jicho lako linaona msongamano, na njia ile inafanya kazi kwa mtiririko wa watu.

Tuseme yanapita mabasi 60 kwa saa kwa kasi ya kilomita 25. Gawa 60 kwa 25: ni mabasi 2.4 kwa kilomita, basi moja kila mita 400 na zaidi kidogo. Lazima njia ionekane tupu. Lakini mabasi 60 ya mita 18, kila moja likiwa na abiria 140, hupitisha watu 8,400. Njia ya magari madogo ikipitisha 1,800 kwa saa, kila moja na watu 1.5, ni watu 2,700. Ukiruhusu magari kuingia, foleni ya kwenye taa itasimama mbele ya basi, na basi lililokuwa likifanya safari tano litafanya tatu.

Dai lako lina haki upande mmoja. Hesabu hiyo inasimama mabasi yakiwepo. Yakipita 15 kwa saa ni watu 2,100, na njia imebeba pungufu kuliko ya magari. Kwa hiyo simama kituoni, uhesabu mabasi kwa saa moja ya asubuhi, na uangalie linakaa sekunde ngapi milango ikiwa wazi. Basi likikaa sekunde 40 na kuchukua 15 kuondoka na kupisha lingine, nafasi moja ya kituo haiwezi kupokea zaidi ya mabasi 65 kwa saa hata kwa ratiba kamilifu. Kikwazo cha mwendokasi huwa pale kwenye milango.

Barabara yetu imepanuliwa kuwa njia tatu, lakini mbele bado kuna daraja la njia mbili. Jam imehamia hapo na ni ndefu kuliko zamani. Hesabu yake inafanywaje? (Msomaji, Nairobi)

Chora mistari miwili kwenye karatasi moja: jumla ya magari yaliyofika tangu asubuhi, na jumla ya yaliyotoka. Nafasi ya kwenda juu kati ya mistari ni foleni kwa wakati huo. Nafasi ya kwenda pembeni ni muda ambao gari limesubiri.

Daraja likipitisha 3,600 kwa saa na yakafika 4,200, baada ya saa moja 600 yanasubiri. Gari la mwisho hapo litasubiri 600 ÷ 3,600, dakika 10. Baada ya hapo yakifika 3,000 kwa saa, foleni hupungua kwa 600 kwa saa, hivyo itachukua saa nzima nyingine kwisha, ingawa saa ya pilikapilika ilishapita. Kwa urefu: 3,600 zikigawanywa kwenye njia tatu za nyuma ni 1,200 kila njia, na tumeona juu kwamba 1,200 ndani ya foleni ni kama magari 105 kwa kilomita. Magari 600 kwenye njia tatu hivyo ni angalau kilomita 1.9.

Njia ya tatu imeongeza magari yanayofika darajani kwa mkupuo, na daraja halikubadilika. Kabla ya kupanua chochote, pima uwezo wa kila sehemu kwenye mstari mzima na uanze na ule mdogo kabisa.

Nina gari moja na msaidizi mmoja tu. Naweza kupata mtiririko na kasi bila kuweka makarani? (Mhandisi wa halmashauri, Tanga)

Unaweza, kwa njia waliyoitoa Wardrop na Charlesworth wa Uingereza mwaka 1954. Chagua kipande cha kilomita 2 kisicho na mchepuko mkubwa. Nenda kinyume na mwelekeo unaoupima, msaidizi ahesabu magari mnayokutana nayo: tuseme 90 kwa dakika 4. Rudi na mwelekeo huo: dakika 5, na magari yaliyowapita yakizidi mliyoyapita nyinyi kwa 3. Jumlisha 90 na 3, gawa kwa dakika 9. Ni magari 10.3 kwa dakika, 620 kwa saa. Wastani wa muda wa safari ni 5 toa (3 ÷ 10.3), dakika 4.7, na kasi ni kilomita 25.5 kwa saa. Mzunguko mmoja hautoshi. Fanya walau sita ndani ya saa hiyohiyo. Kwenye barabara yenye mistari mingi kila upande msaidizi hukosa magari, kwa hiyo itumie barabara za njia mbili.

Mlima Kitonga unapandwa na malori taratibu sana. Tukisema barabara imezidiwa tunaambiwa magari hayajafika hata nusu ya uwezo. Nani yuko sahihi? (Dereva, Iringa)

Nyote, kwa kuwa mnapima vitu viwili. Uwezo wa barabara ya njia mbili kwa mwongozo wa Marekani ni uniti 1,700 kwa upande mmoja, na 3,200 pande zote pamoja. Kitonga haihitaji kufika huko ili dereva ateseke. Kinachopimwa kwenye mlima ni kufuatana: gari likipita sekunde 3 au pungufu baada ya la mbele, lihesabu kama linafuata mkia. Kaa chini ya mlima saa moja, mwenzako akae juu. Chini wakifuatana asilimia 30 na juu 70, mlima umezalisha foleni hiyo, hata kama magari ni 210 tu.

Marekani hutazama mambo matatu kabla ya kuongeza njia ya malori: magari yanayopanda yazidi 200 kwa saa, malori kati yake yazidi 20, na lori zito lipoteze kasi ya kilomita 15 kwa saa au zaidi, au huduma iwe mbovu kupita kiasi. Njia hiyo inapaswa kuanza kabla lori halijapoteza kasi. Mwisho wake upelekwe mbele ya kilele, pale lori limesharudisha mwendo na dereva anayerudi kwenye njia kuu anaona mbali. Ikikatwa kileleni penyewe, lori la kilomita 20 kwa saa linaingizwa mbele ya gari linalokimbia, mahali ambapo hakuna anayemwona anayetoka upande wa pili.